Nyota za Chumba cha Tatu

Kama wewe ndiye uliyeandika kwamba mwanamke wa chumba cha tatu "anafuatafuata watu kama askari kanzu na hajui kucheka", naomba usome haya mpaka mwisho. Na kama siye wewe, soma vilevile, maana wenzako mko wengi.

Mimi nafanya kazi Nyumba ya Picha, pale mlangoni, dirisha la mizigo. Unanipa mkoba, nakupa kibati chenye namba, unaingia kutazama picha, unarudi, nakupa mkoba wako. Mwaka wa kumi na moja huu. Ndani kuna vyumba vitano, na nyuma kuna bustani yenye bembea na bwawa la vimashua vya kukanyaga pedali. Wageni wengine huja kwa ajili ya picha. Wengi huja kwa ajili ya bembea, halafu mvua ikinyesha ndipo wanakumbuka kwamba wanapenda sanaa.

Mdomo wangu hauna breki. Nalijua hilo, na mume wangu atakuapia. Lakini huyu ninayemsimulia alikuwa kinyume changu kabisa. Tulimwita Bi Kimya. Miaka kumi na tisa alikuwa mhudumu wa chumba cha tatu: mwembamba, sare imepigwa pasi ikakaa, raba nyeusi miguuni ili asipige kelele akitembea. Ukimsalimia, anaitikia. Ukimuuliza choo kiko wapi, anakuonyesha kwa mkono mzima, si kwa kidole. Zaidi ya hapo hupati kitu.

Sasa sikiliza kwa nini alikuwa anafuata watu. Chumba cha tatu kina picha moja kubwa ya wanawake wanaofua mtoni, imekula ukuta mzima. Mwaka wake wa pili kazini, mtu mmoja aliikwaruza kwa ufunguo, makusudi tu, huku Bi Kimya amekaa kwenye kiti chake kule mwisho wa chumba. Meneja wa zamani hakumfukuza. Alimwambia: kuanzia leo, mgeni akiwa mbele ya picha hii, wewe uwe hatua tatu nyuma yake, na usimsemeshe mpaka akuulize. Basi. Bi Kimya akalishika neno hilo miaka kumi na saba. Mgeni akisogea, naye anasogea. Mgeni akiondoka, anarudi kitini taratibu, anakaa, anaminya goti lake la kushoto na kukunja uso. Huo uso ndio mnaouandikia maoni. Mnauita wa ndimu. Ni goti, jamani! Mtu anaumwa goti!

Mwaka huu tukaletewa meneja mpya. Suti imembana kama kaazima kwa mdogo wake. Jambo la kwanza alilofanya ni kubandika skrini kwenye mlango wa kutokea. Mgeni anagusa namba ya chumba, anagusa nyota, moja mpaka tano, na akitaka anaandika maoni. Jina haulizwi. Kila Jumatatu, siku ambayo hatufungui, tunakaa kwenye ukumbi wa mikutano na meneja anatusomea.

Lo! Watu wana mambo. Mmoja alitoa nyota moja kwa sababu picha za chumba cha kwanza ni za zamani. Ebo, ulitaka zichorwe asubuhi hiyohiyo? Mwingine akaandika: "Pazuri, ila ile bustani ya upande wa pili wa mji ina bata, hapa hakuna bata." Nyota mbili. Na alizitoa wapi? Chumba cha nne, ambacho hakina hata dirisha la kulionea bwawa. Kuna aliyesema wanawake wa mtoni wanatia huzuni, kwa nini wasichorwe wakiwa wanaimba. Choo kikapata nyota tano wiki tatu mfululizo, mpaka msafishaji akaanza kutembea kifua mbele. Chumba cha tatu kila Jumatatu kilikuwa na nyota mbili na kitu, na maoni yaleyale: ananifuata, haongei, hacheki, ameniona mwizi.

Jumatatu moja meneja akafunga faili lake akasema, "Chumba kitakachomaliza mwezi chini ya nyota tatu, mhudumu wake anakwenda geti la bustani."

Geti la bustani halina kiti wala kivuli. Unasimama kwa saa nane mfululizo. Bi Kimya alikuwa hawezi kusimama nusu saa bila kushika ukuta, na daktari alishamwandikia, na meneja barua ya daktari aliiona kwa macho yake. Kumpeleka getini ilikuwa kumfukuza kazi kwa adabu. Na sote tulijua kwamba nyumbani kwake kuna mama yake mzazi ambaye hainuki kitandani, na riziki yao wawili ni kile chumba cha tatu. Nilitaka kusema, mwenzangu aliyekaa pembeni, mlinzi wa geti kuu tunayemwita Kamanda, akanikanyaga mguu.

Kesho yake mchana nikamfuata Bi Kimya chumba cha tatu.

"Dada, cheka basi kidogo. Meno si unayo?"

"Nikicheka naye itabidi nimwangalie usoni," akasema.

"Ndiyo! Ndicho wanachotaka."

"Na mikono yake ataiangalia nani?"

Akanyanyuka, maana kuna mama mmoja alikuwa ameingia na mwavuli, akaenda kusimama hatua tatu nyuma ya ule mwavuli. Yule mama akageuka akamtazama juu mpaka chini. Nikajua hizo ni nyota mbili nyingine.

Wiki ya mwisho ya mwezi chumba kilikuwa na nyota mbili na nusu. Hapo ndipo nikapata akili yangu, kama ni akili. Saa ya chakula niliwakusanya wenzangu stoo, tukawa wanane: Kamanda, msafishaji, mkata tiketi, fundi umeme na wahudumu wengine watatu. Nikawaambia, kila mtu apite pale kwenye skrini kwa wakati wake, aguse chumba cha tatu, aguse nyota tano, aandike sifa. Bi Kimya asiambiwe, kwa sababu angekataa. Wakasita. Nikawashukia: "Nyie ni watu au ni fremu za picha? Mnangoja mpaka mwenzenu aanguke pale getini ndiyo mtoe rambirambi?" Wakakubali. "Ila andikeni kama wageni," nikasisitiza. "Mgeni! Mmesikia?"

Walisikia. Tatizo ni kwamba sisi wote, miaka nenda rudi, tumeandika kitu cha aina moja tu: kitabu cha zamu. Umeingia saa ngapi, umekuta nini, umemkabidhi nani. Mkono ukishazoea hivyo, hauna habari na ugeni.

Jumatatu iliyofuata chumba cha tatu kilikuwa na nyota tatu na nusu. Nilikaa mstari wa pili nikiwa nimejaa kama mama wa bwana harusi. Meneja hakututazama. Akavaa miwani, akaanza kusoma.

"'Saa nne na dakika ishirini asubuhi nimewasili chumba cha tatu. Hali ni shwari. Mhudumu yupo lindoni, mchangamfu. Hakuna tukio.'"

Mtu akacheka nyuma. Kamanda akainua uso akawa anaisoma dari.

"'Sakafu kavu. Kuta kavu. Mhudumu anatabasamu. Limetekelezwa.'" Akafunua karatasi. "'Mtu mzima mmoja, mtoto hakuna. Nimefurahi sana.'" Akafunua nyingine. "'Taa zote sita zinawaka. Mhudumu pia ni mzuri.'"

Ukumbi mzima ulikuwa unacheka sasa, hata mimi, Mungu anisamehe, nilicheka, maana niliyaona yale maandishi ni ya wajinga na langu nililiandika kwa ufundi. Ndipo akasoma langu.

"'Nimeingia na mkoba mmoja wa kahawia, zipu mbili, hauna mkwaruzo. Mhudumu amenipokea kwa upendo mkubwa. Nimetoka na mkoba wangu ukiwa kama ulivyokuwa.'" Akavua miwani. "Mgeni gani huyu aliyeingia chumba cha tatu na mkoba, wakati mikoba yote inaachwa dirishani?"

Kicheko kikakatika.

"Walioandika nawajua," meneja akasema. "Mnaandika kama mnavyofanya kazi. Sina haja na nyinyi. Namtaka aliyeanzisha. Asimame sasa hivi. Asiposimama, wote wanane mtaniletea barua za kuacha kazi kabla ya saa sita."

Sasa ngoja nikueleze hapo palikuwaje, kwa sababu ndipo ninapojichukia. Mimi ninayegombana na makondakta. Mimi niliyewahi kumfukuza shemeji yangu sebuleni kwake mwenyewe. Maneno niliyokuwa nayo kwa ajili ya yule meneja yangejaza gunia: kuhusu barua ya daktari, kuhusu geti, kuhusu skrini yake na bata wake. Nilikuwa nayo yote hapa kwenye ncha ya ulimi. Na magoti yangu, ambayo hayana ugonjwa wowote, yakakataa kuninyanyua. Nilimfikiria mume wangu aliyekuwa hana kazi tangu mwaka uliopita. Nikafikiria ada ya watoto. Nikaangalia viatu vyangu. Nikawa nasikiliza maji yanadondoka kwenye sinki la jikoni.

Kiti kikalia mbele yangu. Bi Kimya alikuwa anasimama. Alishika mgongo wa kiti, akanyoosha mguu kwanza, halafu mwili.

"Ni mimi," akasema. "Niliwaomba waniandikie."

Uongo mtupu! Alikuwa hajui lolote! Alizisikia hizo sifa kwa mara ya kwanza pale pale, pamoja na kicheko chetu. Meneja akamtazama, na nakuapia yule mwanaume alijua kwamba si yeye. Macho yake yalinipitia mimi, yakatulia kidogo, yakaondoka. Lakini maneno ya Bi Kimya yalimrahisishia kazi. Nyota mbili na nusu zilikuwa zimepata wa kuzibeba. "Basi umejitoa mwenyewe," akasema. "Ufunguo wa chumba acha mezani."

Saa tano alikuja dirishani kwangu kuchukua mkoba wake, maana hata sisi tunaacha mizigo pale. Akaweka kibati juu ya meza. Nikampa mkoba. Nikafungua mdomo, nikasema "Dada," nikaishia hapo.

"Asante, mdogo wangu," akasema. "Kazi njema."

Na unajua chumba cha tatu alipewa nani? Mimi. Meneja alisema mimi ni mcheshi, wageni watanipenda. Na kweli mmenipenda! Nawachekea, nawapiga picha na simu zenu mkiwa mmeuegemea ukuta, nawauliza mmetoka wapi. Kiti changu kiko mlangoni na sisimami bila sababu. Mwezi wa kwanza, nyota nne na nusu. Mmoja wenu ameandika: "Siku hizi chumba cha tatu raha tupu, yule mchawi wa zamani wamemwondoa." Meneja alilisoma hilo kwa sauti, akanipigia makofi. Nilitaka kuing'oa ile skrini mlangoni nimvunjie kichwani. Nikasema asante.

Ilinichukua wiki tano kwenda kumwona. Jumapili mchana nikapanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu. Chumba kimoja na jiko. Mama yake alikuwa amelala kitanda cha dirishani, Bi Kimya anamlisha uji kijiko kwa kijiko, anamfuta kidevu, anangoja ameze. Alipomaliza akanikaribisha chai. Kazi hajapata. Anashonea majirani vifungo, anapinda suruali.

Nikaanza kufoka. Nilimtukana meneja nusu saa nzima, na suti yake, na ukoo wake. Nikawatukana nyie wageni mmoja mmoja, wa bata, wa mwavuli, wa mchawi. Nikamwambia twende tukamshitaki, nitakuwa shahidi, nitasema kila kitu. Yeye alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. Nilipoishiwa pumzi, akaiweka sindano kwenye kitambaa.

"Nilijua ni wewe tangu aliposoma habari za mkoba," akasema. "Nilihesabu moyoni mpaka ishirini kabla sijasimama. Nilidhani utasimama."

Halafu akaniongezea chai, na mimi nikainywa yote, kwa sababu sikujua la kufanya na mdomo wangu.