Mausi Juu ya Kitambaa

Basi ile mausi ya kompyuta, isiyo na waya, ikakata simu tena, Zaituni binti yangu bado analia!

Yuko Dubai, kazi ya nyumba, wanamruhusu kupiga simu Jumapili tu. Analia nini? Sijui. Nataka kuongeza sauti, mshale kwenye kioo unarukia kitufe cha kukata.

Nikaibeba mpaka dukani Nakasero, mjini, kwa magoti haya ya uzee. Mwenye duka akaijaribu juu ya meza yake ya mbao tupu. "Nyabo, mama, iko sawa."

Kurudi nyumbani, inaruka tena. Banange, nimechoka.

Jirani akachungulia: "Jajja, bibi, toa hicho kitambaa mezani! Taa ya chini ya mausi inapotelea kwa matundu yake."

Kitambaa nilifuma mwenyewe. Meza bila kitambaa si iko uchi? Mjukuu, wewe unayeniandikia, andika na hiyo.

Nikatoa. Ikatulia.

Nyinyi mnaosoma, mngetoa?

Ngoja, leo ni Jumapili, Zaituni anaita kwa kompyuta. Wacha niende.