Mapigo Niliyoyaandika Bila Kuyasikia

Wodi ya wazazi niliyofanyia mazoezi hapa Babati ilikuwa na neno moja la marufuku: sijui. Sista aliyetusimamia alikuwa mkunga hodari, mikono myepesi, lakini mdomo! Mwanafunzi akisema sijui, alisimamishwa mlangoni, ndugu za wagonjwa wakipita na kumtazama, mpaka ajue. Mimi nilisimama mara mbili. Niliapa ya tatu haitakuwepo, na ndiyo maana nilidanganya.

Asubuhi hiyo nilipewa mama mmoja mkulima wa kijiji cha Mutuka, mimba yake ya tano. Kila nusu saa nilipaswa kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto kwa fetoskopu, kile kipembe kinachowekwa juu ya tumbo, kisha niyaandike kwenye chati ya uchungu. Nikainama, nikabana sikio. Nilichosikia ni moyo wangu mwenyewe, unadunda kama mtu anayetwanga. Nikahamisha kipembe upande wa pili. Kimya. Nyuma yangu viatu vya sista vilikuwa vinakaribia.

"Ngapi?"

Mara ya mwisho iliandikwa mia moja thelathini na nane. "Mia moja arobaini," nikasema, nikaandika kwa mwandiko mzuri kabisa. Akaridhika, akapita.

Mama akanishika mkono. "Nesi, mwanangu, mtoto anasikika?"

"Anasikika, mama. Yuko vizuri."

Alimshukuru Mungu, akafumba macho. Hapo ndipo hofu iliponishika hasa. Mwanzo niliogopa mlango tu. Sasa niliogopa kwamba mtoto anakufa chini ya namba yangu safi. Nikasikiliza tena. Sikusikia kitu.

Nilimfuata sista kwenye meza ya dawa. "Sista, sijui. Ile mia moja arobaini sikuisikia."

Hakupaza sauti, afadhali angepaza. Alikwenda mbio, akasikiliza dakika nzima. Mapigo yalikuwa yanashuka. Akamlaza mama kwa ubavu wa kushoto, akamwita daktari, na muda si mrefu mama akaingizwa chumba cha upasuaji. Nilibaki koridoni mpaka niliposikia mtoto analia. Nililia kumshinda.

Nilitaka kuifuta ile namba. Sista akanizuia: "Usifute. Piga mstari mmoja, isomeke, utie saini." Akanipa kalamu yake mwenyewe. Tangu siku hiyo hakumsimamisha tena mtu mlangoni.

Sasa wanafunzi ni wangu. Siku ya kwanza huwaambia kwamba hapa sijui inaruhusiwa, na hujiona mwema sana nikisema hivyo. Juzi nilikuwa nimechoka, nimefoka tangu asubuhi. Nikamuuliza binti mmoja mapigo ya mtoto wa mama aliyekuwa anamhudumia.

"Mia moja arobaini na mbili," akajibu upesi, macho yakiwa sakafuni.

Nikamsogelea.

"Umeyasikia," nikauliza, "au umeniogopa?"

Chozi likamdondoka kwenye chati. "Nimekuogopa, sista."

Nikachukua kipembe, nikainama. Kwa muda sikusikia ila moyo wangu. Kisha yakaja, mbali, lakini ya kawaida. Nikamwelekeza binti mahali pa kuweka sikio, nikampisha ayahesabu mwenyewe, halafu nikaenda kusimama mlangoni.