Ukanda wa Kijani wa Ndugu Garth

Verda Hollingshead alipika chakula cha shule ya msingi hapa mjini Orem kwa miaka ishirini na sita, na hata baada ya kustaafu hakuacha tabia ya kumkazia mtu macho mpaka amalize sahani. Mimi naishi ng'ambo ya barabara. Mengi niliyaona kwa dirisha la jikoni. Mengine alinisimulia mwenyewe huku akijifuta machozi ya kicheko.

Mumewe, marehemu Orlin, alikuwa mtu mwema lakini fundi wa kubahatisha. Alizika mabomba chini ya nyasi, akachomeka kila kichwa cha kunyunyizia maji alichookota. Kwenye bomba moja ulikuta vile vidogo vinavyomwaga maji mengi papo kwa papo, na vile vikubwa vinavyozunguka taratibu na kurusha mbali. Basi karibu na mlango palikuwa na tope la kufugia bata, na katikati nyasi zilikuwa na rangi ya biskuti.

Jirani yake, Garth Stimpson, mwalimu wa michezo mstaafu, hakumpa nafasi ya kupumua. Nyasi zake zilikuwa nzuri, hilo hatumnyimi, na ukanda uliopakana na Verda ndio uliokuwa kijani kuliko kote. Alikuwa akiwaonyesha wageni wa kanisani.

"Dada Verda," alisema asubuhi moja akiegemea reki, "hizo ni nyasi au umeanika tambi?"

"Ni tambi, Ndugu Garth. Lete sosi."

"Muite fundi, dada'ngu. Mambo ya presha na vipimo si ya jikoni."

Hapo ndipo alipojiponza. Siku hiyohiyo Verda alifunga kipimo cha presha kwenye bomba la nje, akajaza ndoo huku akitazama saa, akavuta futi kila upande wa kiwanja. Kesho yake akapanga makopo matupu ya jodari juu ya nyasi, kama ishirini hivi, akafungulia maji kwa robo saa.

"Unafuga paka?" Garth akauliza.

"Nafuga maji."

Alipita na rula, kopo baada ya kopo. Mengine yalifurika, mengine hayakulowa hata kitako. Ila kuna kitu kilimshangaza: kichwa kimoja cha pembeni kilikuwa kikirusha maji yakavuka mpaka. Alingoja Garth aende kwa daktari wa meno, akaweka makopo sita kwenye ule ukanda maarufu, akafungulia tena. Yote sita yakajaa.

Alivuka barabara na kopo moja mkononi, bila kumwaga tone, akaniwekea mezani. "Onja," akasema. "Hii ndiyo siri ya bingwa."

Alipokwenda dukani kununua vichwa vipya, muuzaji alimletea kichwa kikubwa kama chupa ya maziwa. "Mama, hiki kinarusha futi arobaini!"

"Mwanangu, ubavuni kwangu nina futi tano. Hizo thelathini na tano nimwogeshe nani?"

Alichagua vya kuzunguka, vya aina moja tu, kwa uwanja mpana wa mbele. Kwa ubavu mwembamba alichukua vidogo vinavyotandaza maji kwa umbo la mkeka, vyenye kupunguza presha ili maji yasigeuke ukungu. Kila aina akaipa bomba lake. Alichimba wiki tatu kwa mikono yake, na alipomaliza, maji yalifika mpakani yakakoma.

Julai ikaingia na jua lake. Ukanda wa Garth ukapauka, kisha ukakauka. Alilaumu wadudu. Alimlaumu mbwa wangu. Alimwaga dawa mara mbili. Mwishowe Verda alimkuta amepiga magoti, akichokonoa udongo.

"Kuna kitu kinakula mizizi," Garth akasema.

"Ni kiu, Ndugu Garth."

"Kiu gani? Upande huu una bomba lake!"

"Lifungulie tulione."

Alifungulia. Wakasubiri. Hakikutoka hata kikohozi. Walipofunua kisanduku cha valvu, ile inayofungulia na kufunga maji, ilikuwa imeshikana kwa kutu, na buibui amezaa humo. Verda akamweleza habari ya makopo sita. Garth aliketi chini palepale juu ya nyasi kavu, akavua kofia.

"Kwa hiyo miaka yote hii ni Orlin aliyekuwa akininyweshea?"

"Bila yeye mwenyewe kujua."

"Nami nilikuwa namcheka, jamani."

Verda aliniambia hapo alitaka kucheka, akashindwa. Alimkumbuka mumewe amejipaka tope hadi masikioni, anafurahi. Kisha akamnyooshea Garth mkono, akamwinua.

"Duka linafunguliwa saa tatu kesho," akamwambia. "Mimi nitachagua. Wewe utabeba, na ukisema neno 'jikoni' unarudi kwa miguu."

Alibeba. Nilimwona akishusha maboksi kwenye gari la Verda.