Ngoma ya Mwami na Binti wa Mjomba

Majuzi nilirudi kwenye ile bustani ya makumbusho hapa kwetu Bujumbura, ile yenye nyumba ya mwami, mfalme wetu wa zamani, iliyojengwa upya kama zilivyokuwa za milimani. Kijana mwenye kofia alitaka kunitembeza. Nilimwambia asijisumbue, njia naijua. Akashangaa, maana siku hizi, rafiki yangu, watu hutembezwa. Wakati wa vita aliyekuwa akitembeza wageni aliacha kuja, basi mlinzi wa mlangoni alikupa kipande cha katoni chenye maandishi ya Kifaransa, na bustanini kulisimikwa vijiti vyenye namba. Ukifika kwenye kijiti unasoma kwenye katoni maelezo ya namba yake, kisha unasonga mbele. Ulijitembeza mwenyewe.

Ila ilibidi ujue kusoma.

Mimi niliishi Musaga, mtaa wa chini ya milima, na bibi, mama wa mama yangu. Shule yetu ilifungwa kwa ajili ya risasi za milimani kabla herufi hazijanikaa kichwani. Kazi yangu ikawa ni bibi. Nilimchotea maji, nilimtwangia sombe, majani ya muhogo, nilichambua maharage mpaka lisibaki jiwe hata moja. Nilikuwa mtoto wa kuosha sufuria mara mbili kwa hofu kwamba bibi ataona doa na hatasema, atanyamaza tu.

Binti wa mjomba alikuwa rika langu, akiishi Kibenga karibu na ziwa, kwenye nyumba yenye maua. Alikuja kwetu mara chache, soksi nyeupe, Kifaransa mdomoni. Bibi alipomwona alicheka mpaka meno ya nyuma yakaonekana, meno ambayo mimi wa kila siku sikuwahi kuonyeshwa.

Jumapili moja mjomba alitushusha mlangoni pa bustani, naye akaenda Jabe kutafuta kipuri cha gari. Ilikuwa hamu ya bibi. Utotoni, huko milimani, aliiona nyumba ya mwami kwa mbali tu, ng'ambo ya uzio, na sasa alitaka kuingia ndani. Usiku kucha nilikuwa nimepanga: mimi ndiye nitakayemshika mkono, na jioni atasema ni mimi niliyemfikisha.

Mlinzi alitoa katoni, akatutazama. "Nani anasoma hapa?"

"Mi nasoma," akasema binti wa mjomba.

Basi yeye akapewa katoni, na bibi akamshika mkono. Mimi nikapewa mfuko wa ndizi na karanga.

Tulipita chini ya mivumu, ile miti iliyopandwa zamani kwenye makao ya wafalme. Binti wa mjomba alisoma, kisha akamgeuzia bibi kwa Kiswahili. "Soma tena, mama," bibi alimwambia. "Huyu mutoto ana kichwa."

"Hata mi ninauona huo muti," nikasema.

"We beba ndizi," akanijibu yule mwenzangu bila kugeuka. "Na usizifinye."

Tuliinama kuingia kwenye nyumba ya mwami. Ndani kulinukia nyasi kavu na moshi wa zamani. Bibi aligusa nguzo moja moja, akagusa kibuyu cha kusukia maziwa, huku binti wa mjomba akisoma kwa sauti ya mwalimu, na nikaona machozi machoni mwa bibi. Nilikuwa kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki wa mukeke kooni, hatemi, hamezi.

Namba sita ilikuwa banda la ngoma. Binti wa mjomba alisoma jinsi ngoma ilivyopigwa mwami alipoamka. Nikawaza: katoni inasimulia ngoma, lakini haina sauti. Bibi akiisikia yenyewe, atageuka anitazame mimi. Kwetu mtoto wa kike hapigi ngoma, hilo nililijua. Fimbo zilikuwa zimelazwa juu ya ngozi. Nikashika moja kwa mikono miwili, nikapiga kwa nguvu zangu zote.

Sauti ilitoka kama bomu. Bustani nzima ililala chini. Mlinzi aliingia chini ya kiti chake. Maharusi waliokuja kupigwa picha walijitupa kwenye nyasi na nguo zao nyeupe. Na bibi, yeye wa magoti mabovu, alimwangukia binti wa mjomba, akamfunika mwili mzima na kitenge chake. Mimi nilibaki nimesimama na fimbo, nikitazama mgongo wa bibi.

Baadaye watu walicheka. "Mutoto mwanamuke anapiga ngoma ya mwami," mlinzi alisema akijipangusa vumbi. "Leo vita itaisha, ao itaanza upya."

Jioni, nyumbani, nilimuuliza bibi kwa nini alimfunika yule. Aliendelea kumenya karanga.

"We ni wa Musaga," alisema. "We unajua kulala chini peke yako. Yule wa Kibenga, nani alimufundisha?"

Zilikuwa sifa, na ndizo kubwa alizowahi kunipa. Sijapata kuzimeza mpaka leo.

Kusoma nilijifundisha mwenyewe, kwa karatasi za kufungia maandazi, neno baada ya neno, nikirudia hadi nisikosee. Nilipoweza Kifaransa bila kujikwaa, bibi alikwisha kufa. Binti wa mjomba anaishi mbali siku hizi. Nilimpigia simu kumkumbusha ile ngoma. Haikumbuki. Anachokumbuka ni uzito wa bibi juu yake, na kitenge kilichonukia moshi na karanga.

Fimbo zimeondolewa sasa, na ngoma imezungushiwa kamba. Nilisimama pale kwenye namba sita nikayasoma maneno ya kibao kipya, kwa sauti, bila kosa hata moja. Hakuna aliyesema nisome tena. Najua kusoma, najua kulala chini. Ningevitoa vyote viwili, rafiki yangu, niwe mara moja tu chini ya kile kitenge, mtoto asiyejua kitu.