Ngoma ya Babu na Vichuma vya Mke Mwenzangu

"Mbona ya mwenzako inanguruma, na yako inakoroma?"

Babu aliniuliza hivyo mbele ya watu, visikizio vyangu vikiwa bado vimeibana kofia yake. Nilikuwa na shahada, kinasa sauti kipya na maikrofoni mbili zinazong'aa. Na bado yangu ilikoroma.

Redio ndogo ya mjini Mtwara, tulikokuwa tukijifunza kazi mimi na huyo mwenzangu, ilitaka mlio wa ngoma wa kufungulia kipindi cha asubuhi. Mimi ndiye niliyesema twende Nanyamba, kwa babu yangu mzaa mama, anayepiga ngoma kubwa tangu sijazaliwa. Msimamizi wetu akakubali, kisha akaongeza neno lililonikaa kooni: nendeni wote, kila mtu arekodi kivyake, itakayokuwa safi zaidi ndiyo tutakayoirusha. Ngoma ilikuwa ya kwetu. Nilitaka iende hewani kwa mkono wangu, si wa mtu mwingine, na hasa si wake.

Tulisoma naye chuo kimoja Dar es Salaam. Mzaliwa wa Tanga, mpole, hana maswali. Darasani mimi nilibishana na wahadhiri, yeye akaandika walichosema, na matokeo yakitoka tuko sawa. Siku ile alipiga goti kumwamkia bibi, akajaribu salamu ya Kimakonde akaikosea, watu wakampigia makofi. Mimi niliisema sawasawa, hakuna aliyegeuka.

Babu ameniita mke wake tangu nikiwa mchanga, kama mababu wote wanavyowatania wajukuu. Sasa alimtazama mgeni kwa furaha ya waziwazi.

"Mke wangu, umeniletea mke mdogo? Ahsante. Una roho nzuri."

"Mimi sigawani, babu."

"Utazoea," bibi akadakia kutoka jikoni. "Mimi nilikuzoea wewe."

Watu wakacheka. Nikacheka na mimi, kwa meno tu.

Tulijaribu vyombo ngoma zikiwa baridi. Zililia kivivu, ngozi zimelegea, na sauti ilikaa vizuri kwenye kinasa changu. Nikaridhika mapema. Kwetu ngoma haipigwi baridi. Wapigaji waliwasha rundo la majani makavu ya mkorosho, wakazielekeza ngozi kwenye moto, wakawa wanazigonga kwa kidole na kusikiliza, mpaka zikakaza. Zilipoanza tena, zilipasua hewa. Taa nyekundu ya kinasa changu iliwaka ikagoma kuzima. Nikapunguza sauti, taa ikazima, lakini masikioni mlio ulikuwa umechanika kama turubai kuukuu. Nikapunguza tena hadi mwisho wa kitufe. Ukawa mdogo, na umechanika vilevile. Nikazisogeza maikrofoni nyuma. Nikapata kuku, pikipiki na vigelegele, na ngoma huko mbali kama ya kijiji cha pili.

Mwenzangu alikuwa amekaa mkekani, ametulia. Niliona kwamba nyaya zake hazikuingia moja kwa moja kwenye kinasa. Kila waya ulipitia kwanza kichuma cha mviringo, kifupi kama kidole gumba.

"Hivyo ni nini?"

"Vipunguza. Vinaitoa sauti nguvu kabla haijaingia. Nilipewa na fundi mitambo."

"Si kuna kitufe cha kupunguzia?"

"Ati sauti inavunjika mlangoni. Ukiishusha ndani, unashusha vipande."

"Ati? Nani kapima?"

"Shoga, mimi nachomeka tu."

Hilo ndilo lililoniuma. Mtu asiyejua kwa nini, asiyetaka hata kujua, kinasa chake kilikuwa kinapokea ngoma ya babu yangu nzima nzima, na mimi mwenye maswali yote nilikuwa naokota vipande.

Wapigaji walipopumzika, babu akataka kusikia. Alivaa visikizio vya mwenzangu kwanza, akafumba macho, mabega yakaanza kucheza yenyewe. Kisha akavaa vyangu, na ndipo aliponiuliza lile swali.

"Chukua vipunguza vyangu kwa duru ya pili," mwenzangu aliniambia kwa sauti ya chini. "Mimi nimeshapata."

Nilivichomeka. Ngoma zikaanza, na masikioni mwangu kukawa kimya. Nikagonga maikrofoni kwa ukucha. Kimya. Nikavichomoa, ukaja mkwaruzo. Nikavirudisha, kimya. Yeye akavichukua, akaviunga kwake, ngoma zikalia safi.

"Kwangu vinakubali," alisema, akinitazama kwa huruma.

Niliutafuta uso wake nione dhihaka imejificha wapi. Sikuiona, nikazidi kukasirika.

"Mke mkubwa kanuna!" babu akapaza sauti bila kuacha kupiga. "Wakigombana hawa, nani atanipikia?"

"Utakula hiyo ngoma yako," bibi akamjibu.

Duru haikufika mbali. Adhana ya alasiri ilisikika, ngoma zikalazwa, na wapigaji wakaenda kutawadha. Tulirudi mjini nikiwa na mkwaruzo, kuku na ukimya.

Ikarushwa ya kwake. Kila asubuhi ilinifikia kutoka kwa fundi cherehani jirani yangu, aliyefungulia redio kwa sauti ya kusikika mtaa mzima: mkono wa babu, kila pigo mahali pake. Babu alinipigia simu akipiga kelele kwa furaha. "Nimejisikia! Nimejisikia mwenyewe! Msalimie mke mdogo." Nilimtumia mwenzangu salamu hizo, akanijibu kwa msururu wa vikopa vyekundu vya upendo. Nikajiambia kwamba mtu aliyekupa kitu kibovu makusudi, kisha akakibadilisha kwa kizima mbele ya macho yako, hawezi kukosa vikopa vya kutuma. Niliamini hivyo muda mrefu, mimi nisiyeamini kitu bila ushahidi.

Baadaye sana, nilipokuwa nimejinunulia vipunguza vyangu, ndipo nilipojua kwamba maikrofoni kama zangu hula umeme unaotoka kwenye kinasa na kupanda kwa waya uleule unaoleta sauti. Kuna vipunguza vinavyoupitisha umeme huo, na kuna visivyoupitisha. Vyake havikuupitisha, ndiyo maana maikrofoni zangu zilizima, na zake hazikuuhitaji. Vilikuwa vizima vyote viwili.