Nimempa mzee darasa la boti, na kuogelea sijui

Leo natamani kufunga duka nihamie mkoani.

Nauza maturubai na kamba hapa Mchafukoge, ubavuni mwa Kariakoo, nimefungua juzijuzi tu. Na mnatujua sisi wa Kariakoo: neno "hakuna" kwa mteja hatulisemi.

Kaingia mzee, kofia ya kijani. Shikamoo, marahaba. Anatafuta nanga ya boti ndogo.

"Ipo stoo, mzee wangu. Kaa hapo."

Stoo yenyewe ni maduka ya wenzangu 😅

Ningetoka kimya kimya, yangeisha. Lakini huu mdomo! Nikaanza kumfundisha: mbele ya boti panaitwa tezi, nyuma panaitwa omo, na nanga inashushwa kule nyuma ili boti isitoroke.

Mzee anatikisa kichwa. "Kumbe! Haya, nimekusikia."

Mimi huyo, mbio hadi mtaa wa pili, duka la vifaa vya boti.

"Dada, nanga moja fasta, mteja asinikimbie."

"Zimeisha, kaka. Hata bosi katoka kuulizia kwa majirani. Hujapishana na mzee wa kofia ya kijani?"

Jamani.

Nimerudi mdogo mdogo. Mzee yupo palepale, simu mkononi.

"Stoo zimeisha, mzee."

"Najua. Binti kanipigia. Hiyo stoo ni yangu." Akainuka. "Na mbele ya boti ni omo, mwanangu. Nanga tunashushia huko. Kesho nakuja tuendelee na darasa."

Wataalamu, nijifiche omo au tezi?