Wamama walitaka mdogo wangu asonge ugali, nikaitwa mimi

Wakuu, nawasalimu kutoka Bunia. Haya yamenitokea mwenyewe, na ukumbi mzima wa wamama ni mashahidi. Bado nacheka peke yangu barabarani, abiria wananishangaa.

Mimi ni mkubwa kwa watoto wanne. Wazazi walipofariki niliacha shule nikaanza kuendesha pikipiki ya abiria. Mchana barabarani, jioni jikoni.

Mdogo wangu Furaha sikumruhusu hata kugusa sufuria. "Weye soma. Moshi niachie."

Akasoma kweli! Sasa yuko chuo kikuu, anasomea lishe. Hivi karibuni akapata bourse, ufadhili wa kufanya utafiti na shirika la mtaani. Sharti ni shirika limkubali. Likimkataa, nafasi anapewa mwingine.

Shirika hilo ni la wamama wanaofundisha wenzao kulisha watoto. Na wana desturi yao: mgeni anayetaka kazi nao anawasongea ugali kwanza. Wakishakula ndipo wanaongea.

Mmeshaona balaa linapotokea?

Niko kituoni, simu inalia. Ni présidente wao, mwenyekiti.

"Weye njo yaya ya Furaha? Kuya hapa mbio! Huyu mutoto ametupikia mawe!" (Kwetu "yaya" ni kaka au dada mkubwa, na "njo" ni "ndiye".)

Nilifika nimesahau hata kuvua kofia ya pikipiki. Furaha ana unga mpaka kwenye nyusi, anakaribia kulia. Ndani ya sufuria, wakuu, tuyaache.

"Nani anapikaka kwenu?" présidente akauliza.

"Miye, mama."

"Mwanaume muzima?"

"Muzima kabisa."

Kicheko hicho! Mama mmoja akamgonga jirani yake: "Uko na binti nyumbani, unangojea nini?"

Nikapewa mwiko. Nilisonga, wamama wakaacha viti kuja kutazama. Nikajiona bingwa.

Lakini présidente akafuta machozi ya kucheka, akasema, "Yaya amepita. Shida ni kwamba tulikuwa tunapima mudogo yake."

Bourse ndiyo hiyo inaondoka.

Furaha akapangusa uso.

"Wamama, kwa masomo yenu munaalikaka nani?"

"Wamama, sasa nani mwingine?"

"Kwetu mama hayuko. Huyu yaya njo anatulishaka, na hakuna mutu aliwahi kumuita. Nyumba kama yetu ziko ngapi mu quartier, huku mtaani? Ile njo ninataka kutafuta na ninyi."

Nikabaki nimeshika mwiko hewani.

Présidente akamtazama sana. "Ugali yako ni mubaya, mutoto. Lakini swali yako, siye hatukuijiuliza. Utaanza juma ijayo."

Vigelegele! Nilicheza na kofia yangu kichwani, na simwombi mtu msamaha.

Utafiti umeanza, na aliyehojiwa wa kwanza ni mimi. Furaha alikaa mbele yangu na sura ya ofisini: "Bwana, kiongozi wa nyumba hii ni nani?"

"Miye, mademoiselle."

Akaandika. Mimi nikageuka kuangalia ukuta kwanza.

Nilichojifunza: nilidhani nimemnyima kitu kwa kumweka mbali na jiko. Kumbe alikuwa anatazama kila jioni.

Wamama wale wamenialika: Jumamosi naanza masomo yao ya kulisha watoto, mwanaume peke yangu. Nyie mliolea wadogo zenu, kuna aliyewahi kuwauliza mnafanyaje? Semeni hapa chini, nitasoma yote nikingoja abiria.